Saa Mbili Kati ya Mechi na Mechi

Jumamosi ile ya mwezi wa nane, nusu fainali ya tenisi iliisha saa sita kasoro dakika 20. Kijana wangu wa miaka 14 alikuwa amecheza seti tatu kwenye udongo mwekundu, ya tatu ikafika taibreki, na mpira wa mwisho wa mwenzake ulipokwama kwenye wavu alipiga magoti akainua mikono juu. Watu wa kwao walikuwepo: mama yake, mjomba, dada zake wawili na majirani waliotoka Katuba, mtaa wao hapa Lubumbashi, asubuhi na mapema. Walimzunguka wakiimba. Mjomba alimpa soda ya baridi na noti mkononi. Fainali ilipangwa saa nane.

Naandika alichokifanya kwa zile saa mbili na dakika 20, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mwalimu wake na nilikuwepo. Alikaa kwenye saruji kando ya uwanja, shati limelowa jasho, akiangalia picha za simu na wenzake. Alikunywa ile soda, akatafuna vipande vitatu vya muhogo. Saa saba na nusu mjomba alileta michopo, nyama ya kuchoma, iliyofungwa kwenye karatasi, ya moto, yenye pilipili, na mtoto akala mpaka akashiba. Mimi muda wote huo nilikuwa nikizunguka nyuma ya uwanja na karatasi yangu, nikiandika mpinzani anapenda kupiga wapi akibanwa. Nilimkalisha dakika 15 nikamchorea viwanja na mishale. Sikumuuliza kama amekunywa maji.

Katika gemu ya sita ya seti ya kwanza alikimbilia mpira mfupi karibu na wavu, akaufikia, halafu akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Nilipofika alikuwa ameshalala chini. Nilimvua kiatu na soksi, mavumbi mekundu yakanimwagikia mapajani, na nikaona msuli wa kigimbi ukirukaruka chini ya ngozi, kana kwamba kuna kitu hai ndani kinatafuta mlango wa kutokea. Nilikamata vidole vyake nikavirudisha kuelekea gotini, taratibu, mpaka ukalegea. Alikuwa analia bila sauti. "Kochi, nitaweza," aliniambia. Alisimama, akacheza, akapoteza 6-2, 6-0.

Njiani kurudi nyumbani mama yake aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, yule mwingine naye si alicheza asubuhi?" Ndiyo, Mama, naye alicheza asubuhi. Naye alicheza seti tatu.

Nimekulia kwenye viwanja vya tenisi vya Lubumbashi. Kabla ya kuwa mwalimu nilikuwa muokota mipira, nikiwa na miaka 10, na raketi yangu ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyeivunja akaitupa. Kwa hiyo najua thamani ya raketi, najua thamani ya viatu. Lakini tangu Jumamosi ile nimeamini jambo ambalo sikufundishwa na mtu: sisi watu wazima tunamhangaikia mtoto akiwa ndani ya uwanja, na akitoka tunamwacha peke yake, wakati mechi ya pili inaanza pale pale mkono wa mwamuzi unapopewa.

Tuangalie kwanza nini kinatokea mwilini. Tenisi ni mchezo wa kukimbia na kusimama. Pointi nyingi hazifiki sekunde 10, kisha kanuni inampa mchezaji sekunde 25 kabla ya kuanzisha nyingine, na sekunde 90 wakibadilisha upande. Anayekaa kwenye benchi hufikiri mtoto anapumzika sana. Lakini hesabu mara ngapi anasimama ghafla. Kila anaposimama, msuli wa paja unafanya kazi ya breki: unavutwa huku umekaza. Kazi hiyo ya breki ndiyo inayochana nyuzi ndogondogo za msuli, na maumivu yake hayaji papo hapo. Yanakuja kesho yake, na kilele chake ni kati ya saa 24 na 72. Ndiyo maana mtoto aliyecheza vizuri Ijumaa anashuka ngazi kama mzee Jumapili, siku ya fainali.

Hapa kuna neno moja ambalo ningependa tuliache. Wazazi, na hata walimu wenzangu, husema "asidi imejaa miguuni" siku mbili baada ya mechi. Asidi ya laktiki haikai siku mbili. Mwili huiondoa ndani ya saa moja hivi, na sehemu yake huitumia tena kama nishati. Kinachouma siku ya pili ni zile nyuzi zinazotengenezwa upya, na uvimbe mdogo unaokuja na matengenezo hayo. Tofauti hii ina maana, kwa sababu anayeamini asidi hutafuta dawa ya kuitoa, humkandamiza mtoto kwa nguvu mpaka anapiga kelele, kumbe msuli unataka chakula na usingizi.

Kisha kuna ghala. Wanga tunaokula, uwe wa bukari (ugali), ndizi au mkate, huwekwa ndani ya misuli kama sukari ya akiba inayoitwa glaikojeni. Mechi ndefu hulimwaga ghala hilo, na kulijaza lote huchukua karibu siku nzima hata mtu akila vizuri. Kwa hiyo kati ya mechi mbili za siku moja hakuna anayejaza ghala. Unachofanya ni kuweka debe mbili tatu ili mtoto asiingie na sakafu tupu. Na misuli hupokea kwa kasi zaidi katika saa ya kwanza baada ya kazi, ile saa ambayo sisi tunaitumia kupiga picha.

Wakubwa wenyewe hawakwepi hesabu hii. Mwaka 2010, kwenye mashindano ya Wimbledon, John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walicheza saa 11 na dakika 5, mechi ikasambaa siku tatu, seti ya tano ikaisha 70-68. Isner alishinda. Kesho yake aliingia kucheza na Thiemo de Bakker wa Uholanzi, akafungwa 6-0, 6-3, 6-2 kwa saa moja na dakika 14. Mtu aliyekuwa amepiga mipira ya kuanzishia isiyoguswa na mpinzani zaidi ya 100 kwenye mechi ile ndefu, safari hii hakupata hata moja. Alikuwa mwanaume mzima, na watu wa kumhudumia hawakukosekana. Mtoto wa Katuba mwenye soda na vipande vitatu vya muhogo tunamdai nini?

Baada ya Jumamosi ile nilianza kusoma na kuuliza. Nilimwendea muuguzi mmoja wa mtaani kwetu ambaye anapenda michezo, nikanunua mizani ya kupimia watu, ile ya kusimamia, na nikawaomba wazazi tujaribu pamoja. Mizani ndiyo iliyotufungua macho. Unampima mtoto kabla ya mechi akiwa na kaptula tu, unampima tena baada ya kujifuta jasho. Binti mmoja wa kilo 50 alitoka kwenye mechi ya saa moja na nusu akiwa na kilo 48.9, na alikuwa amekunywa kwenye benchi. Ile kilo moja na gramu 100 ni maji. Kuyarudisha inabidi anywe zaidi ya alichopoteza, karibu mara moja na nusu, kwa sababu mengine yatatoka kwa mkojo: kwa binti huyu ni lita moja na nusu na zaidi kidogo, kwa kugawagawa, si kwa kumimina lita nzima kooni kwa pumzi moja.

Na maji matupu hayatoshi, maana jasho ni chumvi pia. Angalia kofia ya mtoto ikikauka, utaona mistari myeupe. Akina mama wote hapa wanajua maji ya kuhara: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kurundika. Maji hayo hayo yanafaa uwanjani. Tunayaweka kwenye chupa na kukamulia limau ili yanyweke. Soda si sumu, sukari yake inasaidia, lakini haina chumvi ya kutosha na gesi yake inajaza tumbo kabla mtoto hajanywa cha maana. Munkoyo wa nyumbani, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, mama akiuchemsha mwenyewe na kuuacha uchachuke kidogo tu, una maji na wanga, na watoto wanaupenda. Ule wa barabarani siku ya mashindano simruhusu mtoto, kwa sababu ya maji na kidumu. Tumbo likiharibika, yote haya yamekwisha.

Chakula cha kati ya mechi kilitupa shida zaidi, kwa sababu ya heshima. Mtoto akishinda, watu wanataka kumlisha, na kumlisha ni kumpa nyama. Mjomba yule na michopo yake alifanya kitendo cha upendo, siwezi kumlaumu. Lakini nyama yenye mafuta inakaa tumboni saa nyingi, na mtoto anaingia uwanjani tumbo likiwa zito. Kwa mtoto mwenye mechi nyingine baada ya saa mbili, kipimo kinachotumika ni gramu moja hivi ya wanga kwa kila kilo ya mwili wake, kila saa. Ukikiweka kwenye meza yetu, mtoto wa kilo 50 anahitaji ndizi mbivu mbili kubwa kwa saa. Au kiazi kitamu kizuri. Au vipande vya mkate na asali. Au uji.

Uji ulitoka kwa mama wa yule binti wa mizani. Siku moja alikuja na termosi kubwa ya chai, nikadhani ni chai. Alipomimina ukatoka uji wa mahindi mwepesi, umetiwa sukari na unga kidogo wa karanga.

"Mama, huu ni wa asubuhi," nilimwambia.

"Mwalimu, mtoto wangu akitoka kuugua nampa nini? Nampa uji. Hapa naye ametoka kuugua, wewe mwangalie tu."

Alimkalisha binti kwenye kivuli cha mwembe, akamvalisha shati kavu, akamshikia kikombe. Binti alikunywa kikombe kimoja, akapumua, akanywa cha pili. Nilisimama pale nikawaza miaka yote niliyopoteza nikichora mishale. Tangu siku ile uji wa termosi uko kwenye kila kikapu chetu, na kila mama ana wake: mwingine anatia maziwa, mwingine soya, mwingine ndizi iliyopondwa.

Bukari inangoja jioni. Jioni mechi za siku zikiisha, hapo ndipo mtoto ale bukari yake na samaki, tomsoni au ndagala, na maharagwe, na mboga, sombe au lengalenga. Huwezi kununua dukani kitu kinachouzidi mlo huo. Bukari inajaza ghala usiku kucha, samaki na maharagwe vinaleta protini ya kuziba nyuzi zilizochanika. Protini haihitaji kuwa nyingi kwa mkupuo mmoja: kwa mtoto wa kilo 50, gramu 15 mpaka 20 zinatosha, ambazo ni mayai mawili na kikombe cha maziwa. Kinachosaidia ni kuigawa asubuhi, mchana na jioni, badala ya kumlaza mtoto na njaa halafu kumwekea kuku mzima Jumapili baada ya kombe.

Majira nayo yana neno. Lubumbashi tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na watu wa pwani hushangaa wakija mwezi wa sita au wa saba: asubuhi watoto wanaingia uwanjani na sweta, pumzi inatoka kama moshi. Kipindi hicho adui ni shati lililolowa. Mtoto aliyetoka na jasho akikaa kwenye upepo wa kiangazi anapoa haraka, misuli inakaza, na akiitwa tena anaanza kama gari la baridi. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, hata kabla ya maji, ni kutembea dakika 5 au 10 polepole, kisha kubadili nguo mpaka soksi. Mwezi wa tisa na wa kumi mambo yanageuka. Joto linapanda kila siku kabla mvua hazijaanza, udongo wa uwanja unachoma kupitia soli, na hapo kivuli na kitambaa cha maji shingoni vinakuwa dawa.

Kuhusu maji baridi, vijana wameona kwenye simu zao wachezaji wakubwa wakikaa kwenye mapipa ya barafu, wananiuliza. Kukaa kwenye maji ya nyuzi 10 mpaka 15 kwa dakika 10 hadi 15 kunapunguza maumivu ya kesho yake, hilo ni kweli. Katikati ya mashindano, jioni, kwa mtoto mkubwa kidogo anayekubali mwenyewe, inafaa, na mwezi wa saba huna haja ya barafu: pipa la maji lililolala nje linatosha. Lakini usimtie humo wakati ana mechi baada ya saa mbili, maana miguu itaingia uwanjani imelala. Na wiki za mazoezi ya nguvu usimtie kabisa, kwa sababu ule uvimbe mdogo unaoukimbia ndio unaoujulisha mwili kuwa unatakiwa kuongeza nguvu.

Kunyoosha viungo baada ya mechi hakudhuru, lakini kunapunguza maumivu kidogo sana kuliko tunavyodhani. Kukandwa kwa mikono kunasaidia kidogo, hasa kwa kumtuliza mtoto. Bibi mwenye mafuta ya mawese na mikono ya polepole ni bora kuliko kijana anayekandamiza kwa kiwiko.

Sasa usingizi, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tunapoteza mashindano mengi kuliko mahali popote.

Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji kulala saa 8 mpaka 10. Chini ya hapo, wa miaka 6 mpaka 12, anahitaji saa 9 mpaka 12. Ni katika usingizi mzito wa usiku ndipo mwili unamwaga homoni nyingi ya ukuaji na kushona misuli iliyochanika. Hakuna uji unaoziba pengo hilo. Sasa niangalie nyumba ninazozijua. Watoto wanne chumba kimoja, televisheni sebuleni mpaka saa tano usiku, jenereta ya jirani ikinguruma umeme ukikatika, simu chini ya mto. Ijumaa kuna kesha kanisani. Kukiwa na kilio kwenye ukoo, familia nzima inalala matangani, kwenye mikeka, na mtoto anakwenda pia kwa sababu si adabu kubaki. Siwezi kumwambia mtu asiende kulilia ndugu yake, na sitamwambia.

Ila nimejifunza kwenda kuongea mapema. Wiki moja kabla ya mashindano napita nyumba kwa nyumba. Nakumbuka nilivyokaa na baba mmoja, mtu wa kanisa, mtu wa msimamo.

"Papa," nilimwambia, "naomba usiku tatu tu. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Awe amelala ikifika saa mbili na nusu."

"Ijumaa tuna kesha, Mwalimu. Yeye anapiga ngoma."

"Najua, Papa. Ndiyo maana nimekuja leo, si Ijumaa."

Alinyamaza muda mrefu. Mkewe alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho, akasema, "Ngoma itapigwa na mdogo wake. Naye anataka." Basi ikawa hivyo. Jumapili baba yule alikuja uwanjani na suti yake ya ibada, akasimama nyuma ya uzio mwanzo mpaka mwisho.

Safari zinatumaliza vilevile. Tunapowapeleka watoto kucheza Zambia, Kitwe au Ndola, lazima tupite Kasumbalesa, na kila mtu hapa anajua foleni ya malori pale mpakani. Zamani tulikuwa tunaondoka alfajiri ya siku ya mechi ili tusilipe malazi. Mtoto ameamka saa tisa usiku, amekunja magoti kwenye basi saa nyingi, amekula biskuti, halafu anaingia uwanjani. Sasa tunakwenda siku moja kabla, hata kama ni kulala kwenye ukumbi wa kanisa, na kila tunaposimama watoto wanashuka na kutembea. Pesa ya usiku ule mmoja inauma. Lakini nauli na ada ya mashindano pia zimelipwa, na zote zinapotea mtoto akicheza akiwa amelala.

Kuna jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni dawa. Nimeona mtoto wa miaka 13 akichomwa sindano ya diklofenaki Jumapili asubuhi ili acheze fainali. Nimeona ibuprofeni zikigawiwa kwenye benchi kama karanga. Dawa hizi hazitengenezi msuli. Zinazima kengele tu. Na kwa mtoto aliyekaukiwa maji na kupata joto, zinabana damu inayokwenda kwenye figo na kuchoma tumbo. Kama maumivu ni makali kiasi cha kutaka sindano, basi jibu limeshapatikana: hachezi.

Na hapa kwetu tuwe macho zaidi ya watu wa nchi nyingine. Mtoto anayesema mwili wote unauma, kichwa kinagonga, anahisi baridi jua likiwaka, huyo usimpe jina la uchovu. Mpeleke apimwe malaria kwanza. Mtoto ambaye mkojo wake baada ya mechi umekuwa mweusi kama soda, na misuli imevimba na kuuma kupita kiasi, ni wa hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu misuli iliyoharibika sana humwaga vitu vinavyoziba figo. Hili linaweza kumpata yeyote kwenye joto kali, lakini linamnyemelea zaidi mwenye damu ya AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, na kwetu Kongo watoto wa AS ni wengi. Wanaweza kucheza, nina wawili, na wanacheza vizuri. Wanahitaji maji zaidi, kivuli zaidi, na mwalimu ambaye hawaambii "vumilia" wakisema wamechoka. Wazazi, mpimeni mtoto mjue, kisha mwambieni mwalimu. Wa SS, mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu, ni habari nyingine kabisa, ya daktari.

Maumivu yasiyo ya msuli nayo huingia kwa jina la msuli. Mtoto wa miaka 11 mpaka 14 anayerefuka haraka akilalamika chini kidogo ya kofia ya goti, au kwenye kisigino, mara nyingi ni pale mfupa unapokua na kuvutwa na kano. Kukanda hakusaidii hapo. Kupunguza mbio na kuruka ndiko kunasaidia. Na ajabu ni kwamba mdogo wa miaka 10 hupona uchovu wa mbio haraka kuliko kaka yake wa 15: atarukaruka nusu saa baada ya mechi. Anayebalehe ndiye wa kuchungwa, maana mwili umeanza kufanana na wa mtu mzima na bado tunamtendea kama kadogo asiyechoka.

Na ratiba? Kanuni zinazotumika kwenye mashindano ya kimataifa zinampa mchezaji nusu saa kama mechi yake haikufika saa moja, saa moja kama ilikuwa kati ya saa moja na saa moja na nusu, na saa moja na nusu kama ilizidi hapo. Nilikuwa na mashindano mahali fulani ambapo binti aliitwa dakika 25 baada ya mechi ya karibu saa mbili, kwa sababu mgeni wa heshima alitaka kuona fainali kabla hajaondoka. Nilikwenda mezani nikaomba. Nikaambiwa niache kuharibu sherehe. Niliomba tena, kwa adabu, nikasimama pale pale. Tulipewa dakika 40 nyingine. Waandaaji si watu wabaya. Hakuna aliyewaambia tu. Sasa naenda na kanuni hizo zimechapwa kwenye karatasi, nawapa asubuhi pamoja na salamu.

Kuna wakati pia wa kumtoa mtoto. Mwaka jana binti wa termosi alifika nusu fainali ya mmoja mmoja na nusu fainali ya wawili wawili siku moja. Nilimwomba aache ya wawili wawili. Mwenzake alilia, mama wa mwenzake alininunia miezi miwili, na hata mimi moyo uliniuma, kwa sababu niliwaunganisha mimi mwenyewe. Tulizungumza sana baadaye. Sasa nasema mapema, kabla ya kuandikisha majina: mtoto chini ya miaka 14 anachagua moja. Mama yule tumepatana, tulikula pamoja Pasaka.

Yule kijana wa Jumamosi ile ana miaka 16 sasa. Bado anapoteza fainali na bado anazishinda, kwa zamu. Juzi, vakansi za shule zilipoanza, nilimwona amemaliza mechi yake ya kwanza ya asubuhi, anatembea polepole kuzunguka uwanja, shati kavu, chupa mkononi. Pembeni kulikuwa na mdogo mmoja wa miaka 11, mgeni kwenye klabu, ameshinda mechi yake ya kwanza maishani, amekaa kwenye saruji ile ile na jasho lake, anacheka na simu. Kijana alisimama mbele yake.

"Leki, mdogo wangu," alimwambia, "vua kwanza hilo shati." Kisha akafungua kikapu chake akamtolea ndizi.